Barua Zenu: Panki, Siasa na Ubishi wa Barazani

Toleo lililopita tulichapa orodha ya nyimbo kumi za roki ya panki (muziki wa gitaa wa kasi na makelele) zenye siasa ndani yake. Barua zilizokuja hazisikilizani: mmoja aona ni uhuni, mwingine aona ni ukweli mtupu, wa tatu hakusikia neno hata moja. Tumechagua saba. Majina tumeyaweka kando, mitaa tumeiacha.

Nimesikiliza nyimbo tatu za orodha yenu kwenye simu. Sikuambulia kitu ila makelele na mtu anayefoka. Nyinyi siasa mwaisikia wapi? (Msomaji, Majengo)

Kakangu, simu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Spika yake ni ndogo mno, sauti za chini haiziwezi. Kinachobaki ni sauti za kati na za juu, na huko ndiko kwenye msongamano: gitaa la umeme lililotiwa mkwaruzo, matoazi ya ngoma, na zile konsonanti za mwimbaji (s, t, k, f) zinazotenganisha neno na neno, vyote vimebanana hapo kwa pamoja. Ukiongeza sauti, msongamano waongezeka, maneno hayatoki. Tumia visikizi vya masikioni, sauti iwe nusu, na uzime nyongeza ya besi kama imewashwa kwenye simu yako. Besi iliyozidi hufunika koo la mwimbaji.

Mshukiwa wa pili ni kasi. Albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones ya New York, iliyotoka Aprili 1976, ina nyimbo 14 na yote haizidi dakika 29 hivi. Kila wimbo kama dakika mbili. Taarabu ingekuwa bado iko kwenye bashrafu, ule muziki wa ala tupu unaotangulia. Hakuna nafasi ya kurudia maelezo, na waimbaji kama Joe Strummer wa The Clash, bendi ya London, humeza nusu ya neno kwa lafudhi ya London.

Basi sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza bila maandishi, uandike kila neno ulilolinasa hata kama ni manane tu. Mara ya pili maneno yakiwa mkononi. Mara ya tatu weka karatasi chini. Wengi huanza na karatasi, na hapo hukosea, kwa sababu huusoma wimbo badala ya kuusikia, kisha husema sauti ya mwimbaji haina maana. Ina maana. Mtu anayelalamikia nyumba kuvunjwa hasemi kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na watunzi hawa walitaka malalamiko yafike yakiwa bado ya moto.

Assalaam aleikum. Kijana wangu apiga sana "Rock the Casbah" wa The Clash. Namsikia mwimbaji akitaja sharifu, shekhe, muadhini, hata Mtume. Sisi huku masharifu twawajua na twawaheshimu. Je, wimbo huu watutukana? Yeye asema ni wimbo wa kutetea haki. (Mama msomaji, Mji wa Kale)

Waaleikum salaam, mama. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyofika, na hatutalijibu kwa neno moja.

Wimbo ulitoka 1982. Kisa chake ni hiki: mtawala apiga marufuku muziki, watu wa mji wapiga hivyo hivyo, mtawala aamuru ndege za vita ziwashambulie, na marubani, badala ya kutupa mabomu, wafungua redio na kusikiliza. Strummer aliuandika akiwa na habari za Iran, ambako baada ya mapinduzi ya 1979 muziki wa Magharibi ulipigwa marufuku. Kasba ni neno la Kiarabu, ngome ya mji au mji ulio ndani ya ngome. "Sharifu" wa wimbo ni cheo cha mtawala, kama vile Sharifu wa Makka alivyokuwa mtawala wa Hijazi mpaka miaka ya 1920. Sharifu tunayemjua Mombasa na Lamu, mtu wa ukoo wa Mtume, hakukusudiwa. Lakini sikio halijui kilichokusudiwa. Sikio lasikia sharifu, na ukashtuka. Ulikuwa na haki ya kushtuka.

Mahali penye moto ni pale marufuku inapotolewa kwa jina la Mtume. Ndani ya kisa, maneno hayo ni ya watawala, ndio wanaojifunika dini ili amri yao isipingwe. Huo ndio utetezi anaokupa kijana wako, na una nguvu. Udhaifu wake ni kwamba msikilizaji anayecheza hachambui nani asema nini. Tena mtunzi alichanganya mno: Bedui, muadhini, hekalu, raga ya Kihindi (aina ya muziki) na neno la Kiyahudi la chakula halali, vyote amevitia kwenye mji mmoja kama kwamba ni nchi moja. Mtu anayeijua hata moja ya dunia hizo aona mara moja kwamba mwandishi alikuwa akichota maneno kwa utamu wake. Video yake, iliyopigwa Texas, yaonyesha Mwarabu na Myahudi wakisafiri pamoja kwenda tamashani, jambo jema, kisha yule Mwarabu aonyeshwa na bia mkononi. Hilo hatulitetei.

Keti na kijana wako na maneno ya wimbo, mjaribu jambo moja. Kila penye neno la dini wekeni "mfalme", "askari" au "jirani", kisha someni upya. Mtaona kisa hakipungui hata nukta. Maana yake shabaha ya wimbo ni amri ya mtawala, na maneno ya dini ni pambo. Hapo mwaweza kukubaliana nyote wawili bila yeyote kushindwa: yeye ana haki kusema wimbo hauupigi Uislamu vita, na wewe una haki kusema pambo lenyewe laumiza na hulitaki sebuleni kwako.

Na msifikiri ubishi huu ni wa nyumbani kwenu peke yake. Mwaka 1991, vita vya Ghuba vilipoanza, redio ya wanajeshi wa Marekani iliupiga wimbo huu kama wimbo wa kuwatia ari wapiganaji, ilhali ndani yake marubani wanakataa kushambulia. Strummer ilimuumiza sana. Miaka kumi baadaye, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kampuni ya Marekani iliyomiliki redio zaidi ya elfu moja iliutia kwenye orodha ya nyimbo ambazo vituo vyake vilishauriwa kufikiri kabla ya kuzipiga. Wimbo huo huo, wasikilizaji wa nchi hiyo hiyo.

Hii panki ni ya vijana wa Kizungu waliochoshwa na shibe. Yatuhusu nini? (Mzee wenu, Bondeni)

Shikamoo, mzee wetu. Sura za mabango ni za Kizungu kweli, ila mikono iliyoijenga ni mingi. Ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney, mjini Detroit, walirekodi panki 1975 kwa jina la bendi Death, kabla watu hawajazoea hata kuiita panki, na rekodi zile zikakaa mpaka 2009 ndipo zikatoka kama albamu. Bad Brains wa Washington walikuwa weusi na Marasta, wakipiga nyimbo za kasi ya kutisha na katikati wakiweka rege. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex wa London, baba yake alikuwa Msomali. Johannesburg, mwisho wa miaka ya 1970, National Wake waliweka weusi na weupe kwenye bendi moja wakati sheria za ubaguzi ziliwakataza hata kuishi mtaa mmoja.

Karibu zaidi, Nairobi kuna Crystal Axis, ambao wana wimbo kuhusu Nyayo House, jengo ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kutesea wapinzani wa serikali enzi za KANU na kufunguliwa watu wavione 2003. Kwa hilo, mzee, hakuna wa kutuambia si letu.

Mimi na binamu yangu tumegombana. Yeye asema "White Riot" ni wimbo wa wabaguzi, na "Kill the Poor" wahimiza maskini wauawe. Maneno yenyewe yasema hivyo! Mimi nasema sivyo lakini sina hoja. (Msomaji, Kisauni)

Hoja ipo, ila nyimbo hizi mbili hazina ugonjwa mmoja, kwa hiyo msizitibu pamoja.

"White Riot" ya The Clash, Machi 1977, ilitokana na jambo lililotokea. Agosti 1976, kwenye karamu ya barabarani ya Notting Hill, London, vijana wenye asili ya Karibi walipambana na polisi waliokuwa wakiwasumbua, na Strummer na mpiga besi Paul Simonon walikuwapo. Wimbo wasema: weusi wana shida na wanasimama, weupe wamefunzwa shuleni kunyamaza, nao wapaze sauti yao. Hakuna mstari unaowagombanisha weupe na weusi. Lakini kichwa cha wimbo kikitolewa peke yake kwenye shati au ukutani, chaweza kubebwa na mbaguzi yeyote, na walijaribu. Hiyo ni kasoro ya kichwa, na shabiki asiyetaka kuikubali huwa anaitetea bendi, si wimbo. Dawa ni matendo ya pembeni: Aprili 1978 bendi hiyo ilipanda jukwaa Victoria Park, London, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi pamoja na Steel Pulse, bendi ya rege ya Birmingham. Mbaguzi haendi huko.

"Kill the Poor" ya Dead Kennedys wa San Francisco, 1980, ni kinaya kitupu, yaani kusema kinyume cha unachokusudia. Enzi hizo Marekani ilijadili bomu la nyutroni, silaha iliyosifiwa kwamba yaua watu kwa mnururisho na kuyaacha majengo mengi yamesimama. Mwimbaji Jello Biafra ajivika sauti ya mkubwa wa serikali anayefurahi: sasa twaweza kufuta mitaa ya maskini, ajira haitakuwa tatizo tena, na mali yabaki. "Mimi" wa wimbo si mwimbaji. Mwanataarabu anayeimba kama mke aliyeachwa naye hajaachwa, na hakuna mtu wa Mombasa anayemuuliza talaka yake iko wapi. Sikio hilo la fumbo mnalo tayari. Lipelekeni huku pia.

Utakitambua vipi kinaya? Kwanza sifa huzidi kipimo. Mtu anayeamini jambo baya hulipamba na kulipunguza ukali, mwenye kinaya hulikuza mpaka linuke. Pili, tabia ya muziki hupingana na neno: kibwagizo cha furaha juu ya mauaji. Tatu, na hapa ndipo binamu yako atakaponyamaza, tazama kazi nyingine za watu hao hao. Mwaka 1981 Dead Kennedys walitoa rekodi ya kuwafukuza Manazi kwenye matamasha yao, na ndani yake wakatia kitambaa cha mkononi chenye alama ya Kinazi iliyokatwa mstari. Na usidhani ni chama kimoja tu kilichotungiwa. Wimbo wao wa 1979 uliopiga kinaya dhidi ya Jerry Brown, gavana wa California wa chama cha Democratic, waliuandika upya 1981 dhidi ya Rais Ronald Reagan wa Republican. Wimbo ule ule, mlengwa mwingine.

Kinaya huharibika wapi? Kwenye kibwagizo. Beti zina maelezo, lakini umati huimba kibwagizo tu, na kibwagizo kikikatwa na beti zake chabaki amri. Na wakati mwingine kosa ni la kalamu. Minor Threat wa Washington walikuwa na wimbo wa 1981 ambamo kijana mweupe alilalamika kubebeshwa lawama za rangi yake shuleni, kwenye weusi wengi. Mtunzi alikusudia kupinga ubaguzi. Mwaka 1996 bendi ya Slayer iliupiga upya, ikabadilisha neno moja tu la mwisho, na wimbo ukawa wa kujisifu. Wimbo unaoweza kugeuzwa kwa neno moja haukufungwa vizuri. Hapo wasikilizaji hawana lawama.

Bendi inayopinga mabepari ikitia saini na kampuni kubwa, si unafiki? Na je, panki lazima awe mtu wa mrengo wa kushoto? (Msomaji, Nyali)

Tazama hesabu badala ya kaulimbiu. The Clash walitia saini na CBS, kampuni kubwa ya rekodi, Januari 1977, na wapo waliosema siku hiyo panki ilikufa. Lakini Desemba 1980 waliposhikilia kutoa *Sandinista!*, albamu ya rekodi tatu yenye nyimbo 36 kwa bei ya chini, tofauti ililipwa kutoka kwenye mirabaha yao wenyewe. Crass, bendi nyingine ya Uingereza, waliokaa pamoja kwenye nyumba ya shamba Essex, hawakuingia kampuni yoyote kubwa na walichapa bei ya juu kabisa kwenye jalada ili mwenye duka asiongeze. Sisi twaona njia ya Crass ilikuwa safi zaidi, na ya The Clash ilifika kwa watu wengi zaidi. Anayetaka zote mbili kwa bendi moja hajaipata bado.

Kuhusu mrengo: hapana. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, alimpenda Reagan. Joey Ramone, mwimbaji na Myahudi, alikasirika Reagan alipozuru Mei 1985 makaburi ya Bitburg, Ujerumani, ambamo wamezikwa pia askari wa SS, kikosi cha Kinazi, na akashiriki kutunga wimbo wa kulaani. Johnny alishikilia jina la wimbo libadilishwe kwenye albamu. Walisafiri gari moja miaka yote hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu asema "Ramones waamini hivi", muulize Ramone yupi.

Tuna kikundi cha watu kama 25, tunataka kuandaa kikao cha kusikiliza nyimbo hizi na kujadili. Cha kwanza kiliishia kwa makelele, wawili wakaondoka. Tufanyeje? (Kikundi cha wasomaji, Tudor)

Anzeni na chumba. Nyumba nyingi za Mombasa zina kuta ngumu na sakafu ya vigae, na sauti hugonga na kurudi mpaka maneno yavurugike. Tandikeni mikeka sakafu nzima, tundikeni leso nzito au mablanketi kwenye ukuta unaotazamana na spika. Spika iwe kwenye meza, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, angalau nusu mita kutoka kwenye pembe ya kuta, kwa kuwa pembe huvimbisha besi. Feni ya dari ipunguzeni mwendo wimbo ukilia. Muwe na spika ya betri iliyochajiwa, umeme ukikatika katikati ya mjadala watu hutawanyika na hawarudi.

Saa nzuri ni baada ya Alasiri, saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili kasoro, mmalize kabla ya adhana ya Magharibi. Si adabu tu. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 hupima nje ya nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Thelathini na tano ni mnong'ono, hakuna gitaa litakalopita hapo. Jirani aambiwe siku mbili kabla, kwa mdomo na si kwa ujumbe wa simu.

Nyimbo ziwe sita, zisizidi. Kwa dakika mbili hadi tatu kila mmoja, muziki wenyewe hauzidi dakika 18, na muda uliobaki ni wa watu. Chapisheni maneno kwa herufi kubwa, nakala moja kwa watu wawili. Wakisoma wawili wawili huanza kunong'onezana maana, na huo ni mjadala tayari. Tafsiri ya Kiswahili iwe upande wa pili wa karatasi, aliyeitafsiri aandike pale penye neno alilokuwa na shaka nalo.

Kosa la kikao chenu cha kwanza twalikisia kutokana na barua: mlianza na wimbo mkali kuliko yote ili watu wachangamke. Mtu aliyeumizwa na wimbo wa kwanza husikiliza mitano iliyobaki akiwa amekunja uso. Anzeni na wimbo wa jambo ambalo kila mtu analijua, kodi ya nyumba, polisi wa barabarani au kazi kukosekana. Wenye dini na rangi wekeni wa nne, watu wakiwa wamezoeana sauti. Wa mwisho uwe mwepesi.

Kila wimbo ukiisha, raundi ya kwanza ni ya kueleza tu: nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini. Marufuku "nzuri" na "mbaya". Raundi ya pili ndiyo ya hukumu, dakika mbili kwa kila anayesema, wachache tu kwa kila wimbo, mshika saa asiwe mmoja wa wabishi. Yule anayejua mambo mengi kuliko wote azungumze wa mwisho. Akianza yeye, wengine kumi hufunga midomo wakidhani maoni yao ni ya ujinga, kisha mnabaki na mhadhara. Na mtu akisema "wimbo huu unanikera", asiambiwe hakuelewa. Aulizwe ni mstari upi. Mara nyingi huonyesha mstari mmoja tu, na kikao chote hupata mahali pa kushika.

Mkikaa nyumbani kwa mtu hamhitaji kibali. Mkihamia ukumbi wa kulipia, ulizeni mwenye ukumbi kama ana leseni ya kupiga muziki hadharani. Mkitaka kuugeuza mkutano wa hadhara uwanjani au maandamano, Sheria ya Utulivu wa Umma yataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla.

Sisi ni watatu, gitaa, besi na ngoma. Twataka kuimba panki kwa Kiswahili kuhusu shida za mtaani. Waliojaribu kabla yetu waliambiwa Kiswahili ni kirefu, hakiingii kwenye kasi hiyo. Pia twaogopa sheria. (Wasomaji, Likoni)

Kiswahili chaingia, na kwa njia ambayo mababu zenu walishaipima. Chukueni mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, mapigo manne kwa kila kipande cha muziki. Kila pigo mligawe mara mbili, mna nafasi nane. Sasa hesabuni shairi la tarbia: mshororo (mstari) una mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Ukwapi waingia kipande cha kwanza, utao cha pili, sawasawa bila kubana. Na mkazo wa Kiswahili, unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, waangukia nafasi ya saba, ambayo ndiyo pigo la nne, hapo hapo ngoma ndogo inapolia. Jaribuni hii, pigeni makofi kwenye pigo la pili na la nne:

*Maji yamekatwa tena, mferejini upepo,*
*ndoo foleni zanuna, na bili yaletwa papo.*

Makofi ya pigo la nne yatagonga "te", "pe", "nu" na "pa" bila kulazimishwa. Waliosema Kiswahili ni kirefu walikuwa wakitafsiri mistari ya Kiingereza, na tafsiri ndiyo iliyorefuka. Kasoro moja: mizani 16 mfululizo huchukua sekunde kama 2.7 na haina pumzi. Kila baada ya mishororo miwili acheni kipande kimoja cha gitaa tupu, la sivyo mwimbaji atakauka koo kwenye ubeti wa tatu.

Gitaa: kidole cha shahada uzi wa 6, ule mnene, chumba cha 3 (chumba ni nafasi kati ya vyuma viwili), kidole cha pete uzi wa 5, chumba cha 5. Nyuzi nyingine zizimwe kwa ngozi ya vidole. Mshiko huo huo usukumeni hadi chumba cha 8, kisha cha 10, mna wimbo mzima. Sauti ni mbili tu kwa makusudi, kwa sababu mkwaruzo huzaa sauti nyingine ndani ya kila noti, na mkiongeza ya tatu hugeuka matope. Pigeni kuelekea chini tu. Mkono utauma wiki mbili za kwanza, anzeni na mapigo 140 mpande kumi kumi.

Ukikaa karibu na kivuko, chumvi ya hewa hula nyuzi. Futeni kila mkimaliza, juu na chini ya uzi, kwa kitambaa kikavu cha pamba, na gitaa lirudi kwenye mfuko wake badala ya kutundikwa ukutani. Jambo moja msilifanyie mzaha: mwimbaji mwenye gitaa akigusa kipaza sauti kwa midomo na kuhisi umeme, zimeni vyote. Mahali fulani waya wa kuingia ardhini umekatika, au mtu alikata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi. Kikuza sauti cha gitaa na mashine ya kipaza sauti vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye waya huo.

Sheria. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 yawalinda mseme na kuimba, lakini hailindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 chaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Kwa mtunzi maana yake ni hii: pigeni tendo na cheo, msipige kabila, dini wala asili ya mtu. "Bili yaletwa na maji hayapo" ni tendo, lathibitishwa na risiti na mfereji. Mkitaka kumtaja mtu kwa jina na kumwita mwizi, muwe na hukumu ya mahakama mkononi, na kama hamna, ondoeni jina mbakize tendo. Wimbo haupungui makali.

Na woga wenu una mizizi, hatuudharau. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliandika 1968 kijikaratasi kilichouliza *Kenya: Twendapi?*, kwa Kiswahili cha wazi bila fumbo, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Yasomeni kabla ya kuandika ubeti wenu wa kwanza, mhesabu mizani kwa vidole, kisha muyasome tena ngoma ikiwa 180.